Sinia la Mtopanga

Siku ile ya Mtopanga, mwanangu, naikumbuka kwa pua kabla sijaikumbuka kwa akili. Hata leo, na uzee huu, nikipita mahali pamekaangwa vitunguu na bizari ya pilau, moyo hunidunda na miguu hutaka kurudi nyuma. Watu hudhani nina njaa. Si njaa wallahi, ni aibu. Nimekaa nayo miaka mingi, na leo nataka kukugawia, kwa sababu jana ulinionyesha daftari lako jipya.

Umesema Jumamosi mnakwenda ziara, wewe na wenzako wa somo lile la dini na migogoro. Mtavuka mpaka Kisauni mkazungumze na watu. Umeandika maswali thelathini na mawili, kila moja na nambari yake, chini umepiga mstari kwa rula. Nilipocheka ulinuna. Usinune, mwanangu. Nilicheka kwa kuwa nilijiona mimi mwenyewe, msichana wa miaka ishirini na kitu, biro mbili kwenye mkoba, nyeusi ya kuandikia na nyekundu ya kupigia mstari mambo makubwa. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, nami sikatai, ila ukoo wetu sisi sumu yake ni kuuliza tu.

Mimi nilizaliwa hapa hapa Bofu ya Likoni, kama ujuavyo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na chuo chenyewe kilikuwa baraza letu. Watoto wenzangu walikuwa wakisoma aya wakitikisika, mimi nikisoma nusu, nusu nyengine nauliza. Kwa nini juzuu ni thelathini na si arubaini? Kwa nini jirani zetu wanasali Jumapili na sisi Ijumaa, na Mungu je, siku nyengine anapumzika? Wakaniita Bi Kwanini. Baba hakuwahi kunipiga kwa swali. Alinipiga mara moja tu, na ni kwa sababu nilimkatiza mzee mmoja akizungumza. Hilo nalo nililisahau, ndiyo maana nilikuja kupigwa tena na ulimwengu.

Sasa, ilipotangazwa kwamba kuna masomo Changamwe ya kuwafundisha vijana habari za imani na migogoro, Waislamu na Wakristo wakae darasa moja, mimi nilikuwa mtu wa kwanza kutia jina. Maneno yakaanza mtaani. Ati binti wa mwalimu anakwenda kusomeshwa Biblia, ati atarudi na msalaba shingoni. Mzee mmoja akamfuata baba barazani, akamwambia amzuie mtoto kabla hajapotea. Baba alikuwa akichonga kalamu za mwanzi. Akamjibu bila kuinua kichwa kwamba kama swali moja litamtoa mtoto wake kwenye dini, basi aliyekosa si mtoto, ni yeye aliyemfundisha vibaya. Basi nikaenda.

Ah, masomo yale! Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, nyuma ya ukumbi, karibu na reli, na treni ya mizigo ikipita mwalimu hunyamaza mpaka mabehewa yaishe. Jumanne tulifundishwa na sheikh, Alhamisi padri, na Jumamosi mwenye darasa mwenyewe, Mwalimu Katana wa Kiembeni, Mgiriama mrefu mwenye sauti ya chini, aliyetufundisha jinsi watu wanavyogombana na wanavyopatana. Mimi nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa ghala. Nilimuuliza padri habari ya Mungu mmoja kuwa watatu, akanieleza saa nzima, halafu akacheka akasema yeye mwenyewe ameuliza miaka thelathini na bado anauliza. Nilimuuliza sheikh, kama kila jambo limeandikwa, mbona twaomba dua? Sheikh akanitazama, akasema swali hilo limewapa watu wakubwa kichwa kuuma, kisha akalijibu vizuri nikaandika kurasa nne. Nilikuwa nikivuka na feri kurudi Likoni nikisoma daftari nimesimama, sioni bahari wala watu.

Wiki ya tano sheikh alitufundisha habari za vyakula, halali na haramu, kuchinja na mwenye kuchinja. Mwisho akasema hivi, nimeyaandika moyoni mpaka leo: mkiwa na shaka na chakula cha mtu, msimtie aibu, ulizeni kwa upole. Nikachukua biro nyekundu nikapiga mistari miwili chini ya maneno hayo. Mistari miwili, mwanangu! Kumbe mistari haifundishi mtu.

Wiki ya sita ndiyo tukaenda Mtopanga, huko huko Kisauni.

Mwalimu Katana alitueleza mapema habari ya huko. Palikuwa na kichochoro, upana wake kama hatua kumi. Upande huu nyumba ya Mama Karisa, mjane wa Kigiriama, mcha Mungu, mwimbaji wa kanisa lililokuwa nyuma ya nyumba yake. Upande wa pili nyumba ya Bi Rukia na mumewe Mzee Athumani, watu wa msikiti. Wanawake hawa walikuwa wameishi kama mtu na dada yake. Mmoja akikosa chumvi, haendi dukani. Mpaka vijana wa kanisa walipoanza mazoezi ya nyimbo kwa vipaza sauti jioni ya Ijumaa, na msikiti nao una vipaza sauti vyake. Yakaanza maneno, yakaja matusi, siku moja yakaja mawe. Jiwe moja likavunja kioo cha dirisha la Bi Rukia. Jingine likaangukia kwenye chungu cha Mama Karisa jikoni, mchuzi ukamrukia mkono. Kila mmoja akaamini kwamba mwenzake anamjua aliyerusha na anamficha. Wazee walikaa, vipaza sauti vikapangiwa saa zake, vijana wakarudi kucheza mpira pamoja. Wanawake wawili wale hawakurudi. Mwaka na nusu walikuwa wakipishana kichochoroni kila mtu anatazama ukuta wake.

Hayo ndiyo tulikwenda kuyasoma, kama vile watu ni kitabu.

Tulifika asubuhi, tukaketishwa kwenye mabenchi ya kanisa, zaidi ya ishirini sisi, nusu kwa nusu. Mama Karisa alikuja kuzungumza nasi. Mwanamke mfupi, mnene, kitambaa cheupe kichwani, na mkononi kovu la ule mchuzi. Mimi nikainua mkono kabla hajamaliza kukaa. Nikamuuliza nani alirusha jiwe la kwanza. Akatabasamu, akasema aliyerusha hakumuaga. Watu wakacheka. Nikauliza kovu linamuuma? Nikauliza alimsamehe nani, kwa aya gani? Nikamuuliza, yeye na jirani yake wanaongea sasa? Hapo alitazama upande wa kichochoro, akasema, tutaongea, Mungu akipenda. Nikaandika kwenye daftari: hawaongei. Nikapiga mstari mwekundu. Nilijiona msomi hasa.

Nilikuwa sijui, na sikuuliza, kwamba alfajiri ya siku hiyo hiyo mama yule alikuwa amevuka kichochoro.

Saa saba tukatolewa nje, uani kwake, chini ya turubai. Mikeka imetandikwa, tukakaa vikundi vikundi. Mama Karisa mwenyewe akapita na birika na beseni, akituinamia mmoja mmoja, akitumiminia maji ya kunawa. Kwangu aliposimama akanigusa bega, akasema mwanangu wewe una kichwa chepesi, Mungu akutunzie. Nilinawa kwa maji ya mkono wake. Kisha yakaja masinia ya pilau ya mbuzi, moshi unapaa, kachumbari pembeni. Sinia letu tulikuwa watano, Wakristo wawili na Waislamu watatu, na mmojawapo ni Zubeda, jirani yetu wa hapa Bofu.

Sasa nisikilize, kwa kuwa hapa ndipo palipo na kidonda. Zubeda alikuwa mtu mwema lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Lile atakaloliona Mtopanga mchana, Bofu watalijua kabla ya magharibi. Aliponyoosha mkono kwenye sinia alinitazama mimi, kutaka kuona binti wa mwalimu atafanya nini. Na mimi, badala ya kuutazama moyo wangu, nikamtazama Zubeda. Nikamwona yule mzee wa barazani. Nikayasikia maneno, ati kala nyama ya kanisani. Nikaurudisha mkono wangu mapajani. Nikasema, na sauti yangu unaijua haikuwahi kuwa ndogo, kwamba sisi tusile, kwa sababu chakula hiki hatujui kimechinjwa na nani wala kimepikwa katika vyombo gani, na wenyeji wetu walipaswa kujifunza imani ya wageni kabla ya kuwakaribisha.

Naam. Nilisema hivyo, uani kwa mtu, mikono yangu ingali imelowa maji yake.

Wenzetu wote Waislamu wakanisikia, masinia yote. Mikono ikarudi mapajani, mmoja mmoja. Wakristo nao wakaona haya kula peke yao, wakaacha. Pilau ikabaki inatoa moshi, watu zaidi ya ishirini wameitazama. Mwalimu Katana akasimama. Mama Karisa alikuwa ameshika lile birika. Aliliweka chini polepole, akachukua kawa, akafunika sinia lililokuwa karibu yake, kisha la pili. Akageuka akaenda nyuma ya nyumba. Na wanawake wawili wa kanisa lake waliokuwa wamesimama mlangoni wakatazamana, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, si tulimwambia?

Ndipo pazia la jikoni likafunguka, akatoka mwanamke mrefu mweusi, kajifunga leso mbili, moja kiunoni moja kichwani, ana mwiko mkononi na masizi usoni. Sikumjua. Akaja moja kwa moja mpaka juu ya mkeka wetu, akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiwe uliyesema?" akaniuliza.

Nikasema abee, ni mimi.

"Haya, sikiza. Mimi ni Rukia, wa nyumba ile pale. Mbuzi huyu kachinjwa na mume wangu Athumani, alfajiri, baada ya sala. Sufuria ni zangu. Mchele nimeuchambua mimi. Pilau nimeipika mimi. Tangu asubuhi nakusikia kupitia dirisha hilo ukiuliza, nani alirusha, nani alisamehe, nani haongei. Swali la nani kapika lilikushinda?"

Bi Kwanini mzima, nikainamia sinia.

Akainama, sauti akaipunguza, na hapo ndipo ilipouma zaidi. Akaniambia mwaka na nusu mwanamke yule hakuugonga mlango wake. Leo alfajiri akagonga. Akamwambia, Rukia, nimepewa wageni, na nusu ni watu wako, sitaki wakose kula kwangu, nisaidie. Akamwambia wenzake wa kanisa wanamcheka, wanasema ujisumbue usijisumbue, watu wale hawatakula kutoka mkononi mwako. "Alikuja kwangu," Bi Rukia akasema, "ili awaonyeshe kwamba watakula. Basi umewajibia wewe."

Tukala, mwanangu. Sote tukala, kwa amri ya Bi Rukia, pilau imepoa. Mimi kila tonge lilipita kama jiwe. Mama Karisa hakutoka mpaka tunaondoka. Walisema wahenga, mgeni njoo mwenyeji apone, mimi nikaja nikamtonesha mwenyeji kidonda kilichokuwa kinaanza kufunga.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Katana alichora ubaoni mti, kama desturi yake, akatuambia tutaje mizizi ya mgogoro tuliouona Mtopanga. Wakataja vipaza sauti, wakataja mawe, wakataja umaskini na siasa. Yote aliyaandika. Mimi sikuinua mkono siku hiyo, naye hakunitazama, na nilimshukuru kwa kutonitazama.

Nyumbani nilimweleza baba kila kitu, maana kwa Zubeda yangemfikia yamepikwa upya. Nilitegemea anisifu angalau kidogo kwa kujihadhari na dini yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza swali moja tu:

"Kile chakula ulikiacha kwa shaka, au kwa ajili ya Zubeda?"

Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akasema mwenye shaka huuliza, na anayeogopa watu ndiye husema kwa sauti kubwa. Akaniambia kwamba nimemwogopa mzee wa barazani kuliko Mungu, kisha nikamsingizia Mungu. Maneno makali hayo kwa mtu mpole kama yeye. Akaniagiza nivuke nirudi kwa yule mama, na nisiende na daftari.

Nikaenda. Mara ya kwanza nilibeba tende. Nikabisha hodi, Mama Karisa akafungua, akanijua. "Sagala," akaniambia, yaani keti, neno la Kigiriama ambalo hata sisi Wadigo tunalo hilo hilo. Nikakaa. Akazipokea tende, akazitia mezani, akaniuliza hali ya baba, hali ya masomo, hali ya Likoni. Adabu tupu. Baada ya muda nikaaga, akanisindikiza mpaka mlangoni. Nilipofika barabarani ndipo nilipogundua kwamba koo limenikauka. Hakunipa maji.

Wewe umezaliwa pwani, wajua. Mtu hata akija kukudai, hata akija kukugombeza, maji atapewa. Nikasema labda alisahau.

Mara ya pili nilikwenda na maneno. Niliyafanyia mazoezi kwenye feri nzima. Nikamwomba radhi, nikamweleza ukweli wote, mpaka habari ya Zubeda. Alisikiliza akipepeta mchele. Akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Neno hilo wazee wetu hulitumia kwa namna mbili, kusamehe au kukata mazungumzo, na nilijua hii si ile ya kwanza. Ulikuwa mlango umefungwa kwa adabu. Wakati nimekaa pale akaingia muuza samaki, akapewa maji. Akaingia mtoto wa jirani kuleta ungo, akapewa maji. Mimi sikupewa. Nikatazama jikoni, nikaona sufuria za Bi Rukia hazipo.

Nikavuka kichochoro kwa Bi Rukia, na udadisi wangu haukuwa wa daftari tena, ulikuwa wa mtu anayetafuta njia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shingo upande. Nikamuuliza, shangazi, wewe na yeye mwaongea? Akasema sufuria alizikuta mlangoni kwake jioni ya siku ile, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, zimepangwa moja ndani ya moja, na mwenye kuzileta hakubisha. Tangu hapo wamerudi kutazama kuta. Nikamuuliza mbona mimi hanipi maji? Bi Rukia akanitazama kama anayetazama mtoto mkubwa aliyeshindwa kufunga kamba ya kiatu.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akasema. "Akupe maji, uyakatae?"

Basi hakuongeza. Nami njia nzima hadi Bofu nililitafuna neno hilo. Nilidhani mama yule ananiadhibu. Kumbe ananiogopa. Mimi, kitoto kile, nilimtia hofu mtu mzima ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaogopa kunyoosha mkono. Mwenye kovu usidhani kapoa, na hili la pili nililitia mimi.

Mara ya tatu nilikwenda mikono mitupu. Ilikuwa Jumapili mchana, jua kali, ametoka kanisani. Akaniambia sagala, nikakaa. Akaniuliza hali ya baba. Sikumjibu habari ya baba. Nikamwambia, "Mama, nina kiu. Naomba madzi."

Nililisema hivyo, madzi, kama tunavyosema kwetu na kama wanavyosema kwao. Niliona kidole chake kinasugua lile kovu. Halafu, mwanangu, akaenda dirishani, akatoa kichwa, akaita kwa sauti kuvuka kichochoro:

"Rukia! We Rukia! Nipe bilauri yako moja, nina mgeni wa kwenu hapa!"

Nikasikia mlango ng'ambo ukifunguliwa kwa nguvu, ndara zikapiga mbio. Bi Rukia akaingia anahema, leso moja imebaki njiani, mkononi ana bilauri safi. Mwaka na nusu, na siku zile za juu yake, hakuwa ameitwa jina lake kutoka dirisha lile. Akampa mwenziwe bilauri. Mama Karisa akaishika, akaenda kwenye mtungi.

Nikasema, "Mama, usiniazimie. Nitanywea kikombe chako."

Akageuka akanitazama sana. Kilikuwepo kikombe cha bati, chenye maua ya buluu yaliyobanduka, kimetundikwa kwenye msumari juu ya mtungi, ambacho ndicho alichokuwa akinywea mwenyewe. Akaiweka bilauri kando. Akakitungua kile, akateka maji, akanipa kwa mikono miwili, nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema bismillahi kwa sauti ya kusikika, nikanywa yote, pale pale, ananitazama koo. Maji baridi ya mtungi, yana harufu ya udongo. Sijanywa maji mengine kama yale.

Bi Rukia alikuwa bado amesimama mlangoni, pumzi hazijatulia. Akasema, "Na mimi niliyekuja mbio hivi, nyinyi mwaona sina kiu?"

Mama Karisa akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, na Bi Rukia akakaa chini naye. Akateka maji tena kwa kikombe kile kile, akampa jirani yake. Mimi nikaona hapa sina kazi, nikatoka taratibu. Nilipokuwa kichochoroni nikawasikia wanaulizana, kwa mara ya kwanza, habari ya kioo na habari ya chungu. Nani alirusha? Sijui wallahi, nilidhani wewe wajua. Na mimi nilidhani wewe wajua. Swali lile lile langu la asubuhi ile, mwanangu. Lakini sasa aliyeuliza ni mwenye haki ya kuuliza, na alikuwa ameshakunywa maji.

Basi hiyo ndiyo aibu yangu, na hiyo ndiyo elimu yangu. Nilimaliza masomo, nikapewa karatasi yenye muhuri, iko ndani ya sanduku. Niliyoyasoma Changamwe yalikuwa mazuri na sijayatupa. Sikwambii uache kuuliza, Mungu apishe mbali. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na ukoo wetu ukiacha kuuliza tutakuwa bubu. Nenda na maswali yako yote thelathini na mawili. Lakini jua kwamba mtu wa imani nyengine si somo la wiki ya sita. Ana jiko, ana jirani, ana jambo alilolianza alfajiri kabla wewe hujaamka, na hatakwambia mpaka akuone umekaa. Ukiona jambo la dini linakukataza kitu mbele za watu, jiulize kwanza kama ni dini au ni Zubeda. Ukiwa na shaka, uliza kwa sauti ndogo, umuulize mwenyewe. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi uani kwa mjane.

Na Jumamosi ukifika, ukakaribishwa ndani, hilo daftari liache mkobani kwanza. Omba maji. Upewe kwa chombo chochote watakachokupa, uyanywe mpaka mwisho, wakuone. Ukishayanywa utashangaa ni maswali mangapi yaliyojibiwa bila kuulizwa.

Njoo nikushike kichwa. Mwenyezi Mungu akuvushe salama na akurudishe salama. Akupe kiu ya kujua, na akupe na kiu ya koo pia, kila uingiapo nyumba ya mtu. Akukutanishe na wenyeji wasioogopa kukutilia maji, nawe akuepushe kuwa mgeni wa kuwatia hofu. Na ukipita Mtopanga, kwenye kichochoro kile, wazee wale wametangulia mbele ya haki, lakini watoto wao wapo. Wape salamu zangu. Waambie Bi Kwanini bado anaisikia harufu ya pilau, na bado ana kiu.